Tatizo letu si Amaan, ni Berkane

Wadau, kuna kitu kimenikaa kooni tangu Mei 25, 2025 na leo nimeamua kukitema. Najua wapo watakaosema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Sawa. Lakini hayo yajayo tutayaganga vipi kama hata ugonjwa wenyewe hatujakubaliana ni upi?

Kila nikikaa na Wanasimba wenzangu, iwe kijiweni au kwenye daladala, habari ya fainali ile ya Kombe la Shirikisho inaanzia Zanzibar na kuishia Zanzibar. Kwamba tulinyimwa Uwanja wa Mkapa kwa kisingizio cha nyasi. Kwamba Amaan inabeba watu kama elfu 15 tu, wakati Kwa Mkapa tungewajazia elfu 60 Wamorocco wale wakapoteana. Kwamba Kagoma alilambwa kadi nyekundu mapema kipindi cha pili. Kwamba goli la Mukwala lilikataliwa na VAR. Halafu mtu anashusha pumzi, anasema "tulionewa tu", na mazungumzo yanaishia hapo.

Mimi ni Simba. Naisema mapema asije mtu akadai nimetumwa na watu wa Jangwani. Na siku ile niliumia kama wewe ulivyoumia. Lakini sikubali kwamba kombe lilipotea Amaan. Pale Amaan ndipo tulipomtoa Stellenbosch kwenye nusu fainali, 1-0, kwa mpira wa adhabu wa Ahoua, na sikusikia mtu akilalamika kuwa uwanja ni mdogo. Kombe lilipotea Berkane, Mei 17, ndani ya dakika 14.

Tukumbushane. Dakika ya 8, Mamadou Camara akafunga. Dakika ya 14, Oussama Lamlioui akaongeza. Mechi ikaisha 2-0. Siku nane baadaye Joshua Mutale akatupa goli dakika ya 17, tukaongoza 1-0 mpaka dakika za nyongeza, ndipo Soumaila Sidibe akasawazisha na kumaliza ubishi. Jumla 3-1.

Sasa piga hesabu pamoja nami. Tuliongoza kwa zaidi ya dakika 70. Kama tungerudi toka Morocco na goli moja tu la kufutia machozi, yaani tumefungwa 2-1, basi dakika zote hizo kombe lingekuwa mikononi mwetu kwa kanuni ya goli la ugenini. Berkane wangelazimika kutoka nyuma na kutufuata, na sote tunajua timu inayokufuata inaacha mashimo. Labda wangesawazisha mapema, sikatai. Lakini walicheza Amaan wakiwa wametulia kwa sababu walijua wana akiba ya mawili na sisi hatuna kitu.

Tena hii si hadithi ya kutunga. Mwaka mmoja kabla, Mei 2024, Berkane hawa hawa walicheza fainali ya kombe hili hili na Zamalek. Mechi ya kwanza Berkane wakashinda kwao 2-1. Marudiano Cairo, Zamalek wakashinda 1-0. Nani alichukua kombe? Zamalek. Lile goli moja walilopata Berkane wakiwa wamefungwa ndilo lililowapa ubingwa. Na sisi kwa zaidi ya dakika 70 tulikuwa na hiyo 1-0 ya Zamalek. Tulichokosa ni ile 2-1.

Nikajiuliza, je, ilikuwa bahati mbaya ya siku moja? Nikachukua kalamu na daftari. Nimeangalia mechi zetu za ugenini kuanzia hatua ya robo fainali, kwenye Ligi ya Mabingwa na Kombe la Shirikisho, tangu 2019 mpaka fainali ya 2025.

2019, Lubumbashi: TP Mazembe 4, sisi 1. Okwi alifunga dakika za mwanzo kabisa, tukaruka, halafu mvua ikaanza kutunyeshea. 2021, Kaizer Chiefs 4, sisi 0. 2022, Orlando Pirates 1, sisi 0, tukatolewa kwa matuta. 2023, Wydad 1, sisi 0, matuta tena. 2024, Al Ahly 2, sisi 0. Kisha 2025 tukacheza tatu: Al Masry 2-0, Stellenbosch 0-0, Berkane 2-0.

Mechi nane. Tumefungwa magoli 16. Tumefunga moja. Na hilo moja ni la Okwi, la mwaka 2019!

Niliirudia hesabu hiyo mara tatu nikidhani nimekosea. Miaka sita, makocha wamekuja na kuondoka, washambuliaji wa kila taifa wamepokelewa uwanja wa ndege kwa ngoma na vuvuzela, na baada ya Okwi hakuna aliyewahi kutikisa nyavu za mtu kwao kwenye hatua hizo. Watani wakituita "Mwakarobo" tulikuwa tunakasirika, lakini tukiangalia vizuri, jina lile lilikuwa linatuhusu ugenini zaidi kuliko nyumbani.

Ili nisiwe mchawi, niseme na upande wa pili. Kwenye African Football League, Oktoba 2023, tulikwenda Cairo tukatoka 1-1 na Al Ahly, goli la Kanoute, baada ya 2-2 Dar es Salaam. Tulicheza mpira siku ile. Na kwenye hatua ya makundi tumeshashinda kwa watu: AS Vita pale Kinshasa 2021, Vipers pale Uganda 2023, Sfaxien kule Tunisia Januari 2025. Kwa hiyo usiniambie miguu ya wachezaji wetu inakufa ganzi wakipanda ndege.

Hapo ndipo nilipoanza kuona kitu. Kwenye makundi tunakwenda kutafuta pointi tatu. Kwenye mtoano tunakwenda kusubiri kurudi nyumbani. Tukianzia kwetu tukapata 1-0, tunasafiri kwenda kuilinda, tunajaza watu nyuma, tunapigwa moja na tunajikuta kwenye matuta. Ndivyo ilivyokuwa kwa Pirates na Wydad. Tukianzia kwao, tunakwenda kupunguza hasara, tukifungwa mawili tunaambiana "yanarudishika, hatoki mtu Kwa Mkapa". Kwa Al Masry yalirudishika, tukashinda 2-0 na kwenye matuta Moussa Camara akafanya ya kwake, 4-1. Nchi nzima ikashangilia, na haki yake. Ila naamini usiku ule ulitudanganya. Ulitufundisha kwamba mawili ya ugenini si kitu. Wiki tano baadaye tukayachukua mengine mawili kwa mtu ambaye si Al Masry.

"Kwa Mkapa hatoki mtu." Nimeipenda kauli ile, nimeiimba mpaka sauti imekauka. Lakini naona imegeuka kitanda cha kulalia. Mchezaji anaingia uwanjani ugenini huku akijua kuna siku nyingine. Kocha naye anajua. Na sisi mashabiki ndio tunaowaambia hivyo! Halafu CAF ikasema fainali haichezwi Mkapa, tukabaki kama mtu aliyeibiwa godoro.

Kuna sababu nyingine ambayo siisikii ikisemwa, nayo ni ligi yetu wenyewe. Hebu niambie, Simba inacheza ugenini lini? Ukienda Sokoine Mbeya, nusu ya uwanja ni nyekundu. Kirumba Mwanza, nyekundu. Kaitaba Bukoba, nyekundu. Mwenye nyumba anacheza kwake huku anazomewa. Timu nyingine zinahamisha hata mechi zao kupeleka kwenye uwanja mkubwa zaidi ili zipate mapato ya mlangoni, yaani zinatukaribisha nyumbani kwetu kwa hiari yao. Mchezaji wa Simba anaweza kumaliza msimu mzima wa ligi bila kusikia uwanja mzima ukimfokea. Halafu Aprili tunamtupa Casablanca, fataki na moshi, dakika ya kwanza mpaka ya mwisho watu wanaimba dhidi yake, na tunashangaa kwa nini pasi ya mita tano inatoka nje.

Mtaniambia Yanga nao wako hivyo hivyo. Ndiyo, na hapa mkono unatetemeka, lakini uandishi ni uandishi. Msimu wao wa 2022/23 walimfunga Club Africain 1-0 kule Tunis, wakamfunga Rivers United 2-0 Nigeria, wakamfunga Marumo Gallants 2-1 Afrika Kusini, na kwenye fainali wakamfunga USM Alger 1-0 pale pale Algiers kwa penalti ya Djuma Shabani. Mechi nne za mtoano ugenini, ushindi mara nne. Na kombe wakalikosa! Kwa sababu gani? Kwa sababu walifungwa 2-1 Kwa Mkapa, mahali ambapo tunaambiwa hatoki mtu. Jumla ikawa 2-2, USM wakalibeba kwa magoli ya ugenini. Nilicheka sana wakati ule, siwezi kukana. Lakini angalau wao walionyesha kuwa Mtanzania anaweza kwenda Afrika Kaskazini akamfunga mtu kwenye fainali, na kwamba uwanja haukupi kombe kwa sababu tu umejaa.

Wazee wetu walilijua hilo. Mwaka 1979 Simba ilifungwa 4-0 na Mufulira Wanderers hapa hapa Dar es Salaam. Hesabu ya leo ingesema tumekwisha. Wakasafiri mpaka Lusaka wakashinda 5-0. Ugenini! Nikimsimulia kijana wa miaka 20 anadhani namdanganya. Na mwaka 1993, fainali ya Kombe la CAF, tulikwenda Abidjan tukatoka 0-0 na Stella, tukarudi nyumbani kuchukua kombe letu. Tukafungwa 2-0 mbele ya watu wetu. Wapo wazee ambao mpaka leo ukiwatajia Stella wanabadilisha mazungumzo.

Kwa hiyo mtu anaponiuliza, baada ya Amaan, naionaje Simba, jibu langu linawaudhi watu wa pande zote. Wapo wanaosema kufika fainali ni mafanikio makubwa, baada ya robo fainali tano. Ni kweli ni hatua, na Fadlu Davids aliifikisha pale timu iliyokuwa imejengwa upya katika msimu wake wa kwanza. Wapo wanaosema ni aibu, wachezaji wote wafukuzwe. Hao ndio wanaonitisha zaidi, kwa sababu klabu yetu huwa inawasikiliza.

Angalia kilichofuata. Kabla ya msimu mpya kuanza, Mohamed Hussein Tshabalala, nahodha wetu, mtu aliyekuwa nasi tangu 2014, akahamia Yanga. Septemba 2025 Fadlu naye akaondoka kwenda Raja Casablanca. Sitaki kuingia kwenye nani alimkosea nani, mikataba ya watu siijui. Ninachokiona ni kwamba beki aliyecheza Lubumbashi, Johannesburg, Casablanca, Cairo na Berkane, aliyejua kelele za kule zinafananaje, ameondoka na ujuzi huo na kuupeleka kwa mtani. Na kocha aliyekaa siku nane nzima akijiuliza kosa la Berkane lilikuwa wapi, majibu yake ameyabeba kwenda nayo Morocco. Atakayekuja anaanza darasa la kwanza. Tutamweleza nini? Kwamba tulionewa Amaan?

Berkane si mji mkubwa. Si Casablanca wala Rabat. Lakini 2020 walichukua kombe hili, 2022 wakachukua tena, 2024 wakafungwa fainali kwa goli lile la ugenini, 2025 wakarudi wakachukua la tatu. Timu iliyopoteza kombe kwa kuruhusu goli moja kwake, mwaka uliofuata haikuruhusu hata moja kwake kwenye fainali. Inaonekana kule walikaa chini wakajadili kilichowaumiza.

Hapa nina neno pia na waandishi wenzangu wa michezo. Timu ikisafiri tunakwenda uwanja wa ndege na maswali yale yale: mmejipangaje, morali ikoje, mashabiki watarajie nini. Kocha anajibu vijana wako vizuri, wote tunarudi ofisini kuandika "Simba yaapa kufa na Mwarabu". Safari ijayo Simba ikiingia robo fainali, naomba aliye karibu na maikrofoni amwulize kocha aliyepo, yeyote atakayekuwa: dakika 15 za kwanza kwao mmepanga kufanya nini, na nani ametumwa kufunga?