Kopo la biskuti na bili ya maji

JICHO LA NJE
Na Rehema Mbwambo

Kila anayerudi kutoka Uholanzi huja na kisa cha ubahili. Kopo la biskuti limefunguliwa, mgeni kachukua moja, kopo likafungwa. Mmetoka kunywa kahawa, hujafika hata kwako, simu inalia: rafiki yako kakutumia Tikkie, ile programu ya kudaiana iliyoanzishwa na benki mwaka 2016. Anataka euro zako tatu na senti arobaini. Mimi nilitumiwa na mama mwenyeji wangu mjini Delft, ambaye asubuhi ile ile alinikabidhi baiskeli ya binti yake nikazurure nayo kutwa, wala hakuuliza naipeleka wapi.

Bahili hafanyi hivyo. Nadhani kinachotushtua ni kuona mtu anadai bila haya, na hapo nasi tujitazame. Kundi la WhatsApp la kamati ya harusi Dar es Salaam lina orodha ya majina, ahadi, taslimu na baki, na mweka hazina huibandika mbele ya ukoo mzima. Sisi tunadaiana hivyo kwa ajili ya sherehe. Wenzetu walianza kudaiana kwa ajili ya maji.

Karibu robo ya nchi yao iko chini ya usawa wa bahari. Zamani kila mkulima alikuwa na kipande chake cha tuta cha kutunza, na wakaguzi walipita kukitazama. Ukizembea wewe, anazama jirani. Bodi ya maji ya Delfland, inayosimamia eneo la Delft, ilianza mwaka 1289, karne nyingi kabla ya ufalme wenyewe. Hadi leo bodi za namna hiyo, jumla yake 21, zina uchaguzi wao na kodi yao. Mama alinionyesha bili yake juu ya meza ya jikoni: mstari wa kusimamia maji, mstari wa kusafisha majitaka. Kodi nyingine alizilalamikia, na kwa kirefu. Hii aliisifu. Usiku wa kuamkia Februari 1, 1953, bahari ilivunja matuta wakafa watu 1,836, hasa mkoa wa Zeeland, na kila familia ya huko ina habari zake.

Kwa watu waliolelewa hivyo, kumwambia mwenzako kwamba tuta lake lina ufa ni kumtendea wema. Ndivyo nami nilivyoambiwa, kwa uso mkunjufu kabisa, kwamba gauni langu linanipwaya.

Sidai kwamba maji yanaeleza kila kitu. Bangladesh nako maji ni tele, na sijasikia kisa cha kopo la biskuti. Tena mazoea hayo hayo ya kuandika kila hesabu yalitumika kwa mambo mengine. Nyaraka za kampuni ya biashara ya Middelburg, iliyosafirisha watumwa, zimehifadhiwa mpaka leo, safari kwa safari, mzigo kwa mzigo, na mzigo wenyewe ni watu. Utumwa ulipofutwa Suriname, koloni la Uholanzi, Julai 1, 1863, serikali iliwalipa wenye watumwa guilder 300 kwa kila mtu aliyeachiwa huru. Waliokuwa watumwa hawakulipwa kitu. Wengi walilazimishwa kuendelea na kazi kwa mikataba, chini ya usimamizi wa dola, miaka 10 zaidi.

Mfalme Willem-Alexander aliomba radhi Julai 1, 2023. Kuhusu fidia kwa mtu mmoja mmoja serikali ilisema hapana, ikatenga euro milioni 200 za mfuko wa kuelimisha umma na kushughulikia athari za utumwa. Nilimuuliza mama wa Delft anaionaje hesabu hiyo. Akasema ni jambo gumu, lina pande nyingi, linahitaji mjadala zaidi. Ndilo swali pekee ambalo hakunijibu kwa ndiyo au hapana.