Fyuzi za Taa Kubwa Zilipwe na Mwenye Gari



Reli inakomea Nanyuki. Sisi wa Kibirichia tufanyao kazi relini sharti tupande motokaa kutoka pale kwenda nyumbani, na mara nyingi ni usiku. Ndiyo sababu mtu wa reli anaandika habari za motokaa. Neno langu ni hili: kila gari la zamani lichukualo watu au viazi usiku liwe na fyuzi katika nyaya za taa kubwa za mbele, tena ziwe nne, siyo moja, na gharama ni ya mwenye gari.

Wengi hudhani kila waya garini una fyuzi. Sivyo. Land Rover za Series II na IIA, zilizoanza kutengenezwa mwaka 1958, zina fyuzi chache tu, na stima ya taa kubwa haipiti humo. Yatoka betri, yapita swichi, yafika swichi ya mguu ya kushushia mwanga, kisha yaenda mbele bila mlinzi. Magari mengi ya Uingereza ya wakati ule yalikuwa hivyo hivyo. Waliyoyatengeneza hawakuwa wajinga. Waliogopa kwamba fyuzi moja ikikatika, dereva atabaki gizani ghafula huku gari linakwenda. Anayejua kushuka Meru katika ukungu ataielewa hofu hiyo bila kuelezwa.

Lakini waya uliokuwa mpya miaka ile sasa ni mzee. Ngozi yake imekauka, mpira wa tundu unapopita kwenye bati umekwisha, na kila shimo la barabara linausugua juu ya chuma. Siku shaba itakapogusa bodi, betri humwaga mamia ya ampea, na waya huwa mwekundu kama kaa la moto. Kwanza ni harufu, kisha moshi chini ya dashibodi, kisha taa zote huzimika pamoja, na moto juu yake. Basi kukosa fyuzi hakukumwokoa dereva na giza.

Taa ya wati 60 kwa betri ya volti 12 hula ampea 5, mbili, 10. Siku hizi watu hutia globu za wati 100 wapate kuona mbali, nazo mbili hula karibu ampea 17 katika waya ule ule wa zamani. Fyuzi hulinda waya, siyo globu, kwa hiyo ipimwe kwa waya. Tena mwangalie dukani: fyuzi ya kioo ya Lucas iliyoandikwa 35 hukatika kwa 35, lakini kwa kazi ya mfululizo hubeba 17 tu. Kuna nyingine zilizoandikwa 35 ambazo hubeba 35 bila kukatika. Anayebadilisha kwa kusoma tarakimu tu ameondoa ulinzi. Karatasi ya sigara sitaki hata kuitaja.

Wako ndugu wasemao heri sakiti breka, yaani swichi ijikatayo yenyewe. Magari mengi ya zamani ya Marekani yanayo ndani ya swichi ya taa. Shoti ikitokea inakata, ikipoa inarudisha; taa huwaka na kuzima, na dereva hupata nafasi ya kusimama kando. Ni kitu kizuri, ila huzima taa zote mara moja, na dereva mwenye haraka aweza kuendelea huku waya unapikwa pole pole. Mimi nachagua njia ya Volkswagen za miaka ya 1960 (gari la namna hiyo ndilo lililoshinda Safari mwaka 1962): kila taa na fyuzi yake, mwanga wa mbali peke yake na wa karibu peke yake. Moja ikikatika, jicho la pili linabaki. Kwenye Land Rover, fundi atafute waya wa buluu na nyeupe na ule wa buluu na nyekundu, baada ya swichi ya mguu, pale unapogawanyika kushoto na kulia, atie fyuzi ya ampea 10 kwa kila taa. Waya unaolisha swichi bado utakuwa wazi. Huko ndiko kwa breka, isiyozidi uwezo wa waya.

Relini, ishara ikikutwa haina taa, dereva wa treni huihesabu kuwa ya hatari na kusimama. Treni yenyewe imeshikwa na reli. Motokaa imeshikwa na macho ya dereva tu, na juu ya magunia wamelala matanboi.

Sasa habari ya fedha. Wenye magari husema gari ni kuukuu, halistahili matengenezo. Lakini nyaya zikiungua, dereva hukatwa mshahara. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, huruhusu mshahara ukatwe kwa uharibifu uliotokana na kosa la makusudi la mfanyakazi. Waya uliochakaa kwa uzee si kosa la makusudi la mtu yeyote. Dereva aliyekwisha kukatwa na alete karatasi yake ya mshahara kwa katibu wa tawi, na aliyeagizwa aendeshe usiku gari lisilo na fyuzi amwandikie mwenye gari barua na kuweka nakala.