Tunaomba Kuambiwa Maana: Risala ya Wakulima kwa Halmashauri ya Wilaya

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Halmashauri ya Wilaya,
Ndugu Mkurugenzi Mtendaji,
Mheshimiwa Diwani wa Kata yetu,
Ndugu Mwenyekiti na Ndugu Mtendaji wa Kijiji,
Wazee wetu, akina mama na vijana,



Sisi wakazi wa kijiji hiki, wakulima wa mahindi na alizeti, tunawashukuru kwa kuja kutusikiliza. Zahanati na madawati bado tunavihitaji, lakini safari hii risala yetu inahusu maneno: yale maneno ya kisheria mnayotuandikia, mnayotutoza kwayo na kutuitia ofisini, ambayo maana yake hatujawahi kuelezwa.

Serikali za mitaa zilifutwa nchini mwaka 1972, zikarudishwa kwa sheria za mwaka 1982. Katiba yetu, Ibara ya 145 na 146, inasema zimewekwa ili kupeleka madaraka kwa wananchi. Mwaka 2021 Bunge likapitisha kwamba Kiswahili kiwe lugha ya sheria na ya mahakama. Tulifurahi. Lakini Kiswahili cha sheria nacho kina pazia lake, na sisi bado tuko nje ya pazia hilo.

MALALAMIKO YETU

Kwanza, kufifilisha kosa. Msimu uliopita kijana wetu alisimamishwa kwenye kizuizi cha ushuru akiwa na magunia sita ya mahindi juu ya toyo. Alipewa karatasi, akaonyeshwa kwa kidole pa kuweka sahihi, akalipa, akafunguliwa njia. Karatasi hiyo tunayo hapa, ina alama ya wino wa bluu na vumbi la barabara. Juu imeandikwa "Fomu ya Kufifilisha Kosa". Yeye alidhani anasaini stakabadhi. Kumbe anayesaini fomu hiyo anakiri kosa kwa maandishi, na anakubali kulipa ili shauri lisifike mahakamani. Mwaka 2017 tulitangaziwa kwamba mazao yasiyozidi tani moja hayatozwi ushuru yanaposafirishwa kutoka halmashauri moja kwenda nyingine. Magunia sita hayafiki hata robo tatu ya tani. Kijana amekiri kosa ambalo hakulitenda, kwa neno ambalo hakuwahi kulisikia tangu azaliwe.

Pili, agizo kugeuzwa sheria. Mbuzi akikutwa shambani mwa mtu, faini mwezi huu ni hii, mwezi ujao ni nyingine, na tukiuliza tunajibiwa, "Ni sheria." Sisi tumejifunza kwamba sheria ndogo ina safari yake. Ya kijiji hutungwa na halmashauri ya kijiji baada ya mkutano mkuu kutoa maoni, kisha Halmashauri ya Wilaya huiidhinisha. Ya wilaya, wakazi hupewa kwanza taarifa ili mwenye pingamizi aliandike. Halafu huidhinishwa na Waziri na kuchapishwa katika Gazeti la Serikali. Neno la mtu mmoja kando ya barabara halijapita njia hiyo. Ibara ya 138 ya Katiba inakataza kodi yoyote isiyo na msingi wa sheria. Kwa nini basi sisi tunalipa kwanza, ndipo tutafute sheria yenyewe?

Tatu, rufaa na notisi. Mama mmoja mjane aliandikiwa barua kuhusu shamba lake, na mwisho wa barua alielezwa kwamba anaweza "kukata rufaa" ndani ya muda uliotajwa. Rufaa anayoijua yeye ni ya hospitali. Barua aliikunja, akaiweka sandukuni chini ya kanga zake, na muda ukapita. Wengine wamekwenda Baraza la Kata wakitafuta hukumu ya ardhi, bila kujua kwamba tangu mwaka 2021 baraza hilo, kwa migogoro ya ardhi, linasuluhisha tu, haliamui. Wengine wametaka kuishitaki mamlaka, wakaambiwa wamekosea: hawakutoa notisi ya siku 90, na hawakumuunganisha Mwanasheria Mkuu wa Serikali. Haki hizi zipo. Zinatupotea kwa sababu hakuna aliyetutajia milango yake wala siku zake.

Nne, nani mkubwa kijijini. Mwenyekiti tumemchagua sisi. Mtendaji ameajiriwa. Juu ya wote wawili, kwa sheria, upo mkutano mkuu wa kijiji, yaani kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Mkutano huo unapaswa kuitishwa kila baada ya miezi mitatu. Kwetu ulipita karibu mwaka mzima bila mkutano, na ulipoitishwa tulisomewa matangazo tukaruhusiwa kwenda. Chombo chenye mamlaka ya juu kabisa kijijini kimefanywa mahali pa kupokea maagizo.

MADAI YETU

1. Sheria ndogo zote zinazotuhusu zibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya kijiji, zikiwa na namba ya tangazo na kiwango cha kila ushuru na faini, na zisomwe kwa sauti katika mkutano mkuu.

2. Kila fomu ya kufifilisha kosa itaje kifungu kinachodaiwa kuvunjwa, na iandikwe juu, kwa herufi kubwa: "Ukisaini umekiri kosa. Unayo haki ya kukataa na kwenda mahakamani." Asiyejua kusoma asomewe mbele ya shahidi anayemtaka yeye.

3. Kila barua ya uamuzi ieleze rufaa inakwenda kwa nani, ofisi iko wapi, na tarehe ya mwisho ni ipi.

4. Mikutano mikuu ifanyike kila miezi mitatu, na mapato na matumizi yasomwe kwa tarakimu, tukiwa na nafasi ya kuuliza.

5. Mwanasheria wa Halmashauri afike kijijini walau mara mbili kwa mwaka, akae nasi, atufafanulie maneno haya.

6. Shauri la kijana wa magunia sita lichunguzwe, na tujibiwe kwa maandishi ndani ya siku 30. Ikionekana alitozwa isivyo halali, arudishiwe fedha yake.

AHADI YETU

Hatuombi kusamehewa ushuru. Barabara tunayopitisha mazao na madarasa ya watoto wetu vinatokana na fedha hizo, na ulio halali tutaulipa. Ubao mpya tumekwisha kuutengeneza, fundi ni wa hapa hapa kijijini na mbao tumechanga. Umeegemezwa pale ukutani, mnauona. Vijana wetu waliomaliza kidato cha nne wamejitolea kuwasomea wazee kila Jumapili alasiri.

Waheshimiwa, wahenga walisema asiyejua maana haambiwi maana. Katika mambo ya mamlaka, methali hiyo imetugharimu mahindi, mashamba na heshima yetu. Ubao ule bado ni mtupu. Tunaomba, kabla hamjapanda magari yenu leo, mtutajie siku ambayo karatasi ya kwanza itabandikwa.

Tunaomba kuwasilisha.

Wakazi wa Kijiji