MZAZI, WATOTO WANASOMA MATENDO YAKO



Leo nataka niseme na wewe mzazi, na nitaanza na aibu yangu mwenyewe.

Unakumbuka Machi 2020, shule zilipofungwa kwa sababu ya korona? Watoto wengi hawakurudi darasani hadi Januari 2021. Hapa Kibirichia, mimi na mama watoto tukageuka walimu. Asubuhi ni masomo ya redioni, kisha hesabu mezani, halafu shamba la waru. Jioni ni mstari wa kukariri. Nilijiona nimefaulu kama mzazi.

Mwezi wa Julai, katika baridi yetu hii ya mlimani, mbwa wetu akazaa saba ndani ya stoo ya viazi. Wanne walikuwa majike. Nawe unajua mazoea yetu: dume hakosi mwenyewe, lakini jike hatakiwi na mtu, eti atajaza boma. Nikamwambia kijana wangu mkubwa awatie wale wanne kwenye gunia, awapeleke mtoni.

Binti yangu wa miaka tisa akainua kichwa kutoka kwa daftari. "Baba, kwa nini wa kike tu?"

Juzi tu nilikuwa nimemkaririsha Mwanzo 1:27, kwamba Mungu aliumba mwanamume na mwanamke kwa mfano wake. Sikuwa na jibu. Nikamwambia amalize hesabu.

Kijana akarudi. "Nimemaliza, Baba."

Siku tatu baadaye nikasikia vilio nyuma ya magunia. Hakuwa amewapeleka. Watoto walikuwa wamewaficha kwenye katoni, na wakiwatoa kwa zamu wakanyonye, hata usiku. Mmoja alikuwa ameshakufa kwa baridi, maana mtoto wa mbwa katika majuma ya kwanza hawezi kujipasha joto mwenyewe.

Nilishika mkanda nimchape kijana kwa kunidanganya. Lakini mkono ukawa mzito. Uongo ni dhambi, na hilo tuliliongea baadaye. Ila ni nani aliyemweka mahali pa kuchagua kati ya kumtii baba na kuwa na huruma? Ni mimi. Jioni ile niliwaomba watoto wangu msamaha, mbele ya mama yao.

Mpendwa, Kumbukumbu la Torati 6:7 inatuagiza tuwafundishe watoto tukiwa tumeketi nyumbani na tukitembea njiani. Maana yake darasa halifungwi. Na Mithali 12:10 inasema mtu mwenye haki anajali uhai wa mnyama wake. Nilikuwa nimehubiri hilo andiko! Lakini watoto hawakunisoma kwenye mimbari. Walinisoma kwenye stoo.

Sisemi usiwapeleke watoto shule. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakutaka uwapeleke, na ni vyema. Nasema kuna somo ambalo mwalimu hawezi kukufundishia: huruma kwa kiumbe asiyeweza kukulipa. Mtoto akiona wa kike anatupwa leo, atajua wa kike ana thamani gani kwenu.

Kama hutaki mbwa wengi, mwite daktari wa mifugo amfunge uzazi. Kama ameshazaa, waache wanyonye, na usiwagawe kabla ya majuma manane. Wapeleke wachanjwe dhidi ya kichaa cha mbwa. Na umpe mtoto wako daftari aandike siku macho yao yanapofunguka. Wetu walichukua karibu majuma mawili, na sijawahi kuona watoto wakingojea somo namna ile.

Leo jioni muulize mtoto wako: "Kuna jambo umeniona nikifanya likakuumiza?" Kisha nyamaza, usikilize.

Baba wa mbinguni, laini mioyo yetu sisi wazazi. Tupe ujasiri wa kuomba msamaha kwa watoto wetu. Kwa jina la Yesu.

Kama umeguswa, sema Amina. Mbarikiwe.