Lipia upimaji kabla ya kununua kompyuta ya gia

Kwa mfanyabiashara mdogo, gari dogo la mizigo au la abiria ndilo duka, ndilo ghala na mara nyingi ndilo mtaji wenyewe. Anayebeba nyanya kutoka Ilula kwenda Dar es Salaam, anayesambaza mayai madukani na yule anayepeleka mbolea na mbegu vijijini, wote wanategemea gari litembee kila siku. Likilala gereji wiki moja, mtaji unaanza kuliwa. Nyanya hazisubiri spea.

Sehemu kubwa ya magari hayo yameletwa kutoka Japani yakiwa yametumika, na mengi ni ya gia za otomatiki. Ni magari mazuri, lakini yana jambo moja linalowatia hasara wengi. Gia inapoanza kusumbua, fundi huendesha gari mpaka kona ya barabara, akarudi na hukumu: "Kompyuta ya gia imekufa, tafuta nyingine." Mwenye gari anavunja kibubu, anakimbilia Kariakoo au Ilala, ananunua kompyuta ya mtumba, inafungwa, na gari linabaki vilevile. Akirudi dukani anaambiwa kifaa cha umeme kikishafungwa hakirudishwi.

Msimamo wangu ni kwamba hakuna mwenye gari anayepaswa kutoa fedha ya kompyuta ya gia kabla hajaonyeshwa kipimo kinachothibitisha kwamba kompyuta hiyo ndiyo mbovu. Na ili jambo hili liwezekane, wenye magari nao wakubali kulipia upimaji kama kazi kamili, si kama hisani ya fundi.

Tuanze na kazi ya kifaa chenyewe. Kompyuta ya gia, ambayo wengine huiita kontroli boksi, ni kisanduku kidogo chenye ubao wa umeme ndani. Sensa zinakipelekea habari: gari linakwenda kasi gani, shafti ya gia boksi inazunguka kiasi gani, dereva amekanyaga mafuta kiasi gani na, katika magari mengi, oili ya gia ina joto gani. Kisanduku kinapiga hesabu, kisha kinapeleka umeme kwenye solenoidi, yaani vali ndogo za umeme zilizomo ndani ya gia boksi. Vali hizo zikifunguka na kufunga, oili yenye mgandamizo inaelekezwa kwenye klachi za ndani na gia inabadilika.

Kwa hiyo kompyuta ni pingili moja tu ya mnyororo mrefu. Waya ukiliwa na panya, soketi ikiingia maji, sensa ikifa, solenoidi ikiungua au betri ikichoka, dalili anazoziona dereva zinafanana: gia inachelewa kuingia, gari linashtuka, au linabaki kwenye gia moja na kuondoka kwa uzito kama limefungwa jiwe.

Kubaki kwenye gia moja mara nyingi si ishara kwamba kompyuta imekufa. Ni kinga iliyowekwa na watengenezaji. Mfumo ukipata habari usizozielewa, unaacha kubadilisha gia ili gia boksi isiharibike zaidi na dereva aweze kusogea hadi gereji. Hata hivyo, kinga hiyo si ruhusa ya kuendelea na safari. Gari lililobaki kwenye gia ya juu halisaidiwi na injini kupunguza mwendo kwenye mteremko. Anayeshuka Kitonga na shehena akiwa na gari la namna hiyo anategemea breki peke yake, na breki zikipata joto kupita kiasi hushindwa kushika. Hapo hesabu si ya nyanya tena, ni ya roho za watu.

Yapo mambo ambayo mwenye gari anaweza kuyaangalia mwenyewe kabla ya kuita fundi. Kwenye Toyota nyingi za otomatiki kuna taa ya dashibodi iliyoandikwa O/D OFF. Taa hiyo ikiwaka bila kupepesa, maana yake ni kwamba kitufe kilichopo kwenye mkono wa gia kimebonyezwa, hivyo gari haliingii gia ya juu na mafuta yanaliwa zaidi. Kibonyeze tena, taa itazimika. Taa hiyo ikipepesa, basi mfumo wa umeme wa gia umeona hitilafu na gari linahitaji kupimwa.

Jambo la pili ni oili. Iangalie kwa namna kitabu cha gari kinavyoelekeza. Kwenye Toyota nyingi zenye kijiti cha kupimia, gari huwa limesimama pahali pa usawa, injini inaunguruma na oili imepata moto. Oili ikiwa pungufu, nyeusi au inanuka kuungua, kubadilisha kompyuta hakutasaidia kitu. Angalia pia ni oili ya aina gani. Gia boksi iliyotengenezewa oili fulani ikitiwa nyingine kwa sababu ni ya bei nafuu, itabadilisha gia vibaya hata kama umeme wake ni mzima kabisa.

La tatu ni betri na nyaya zake. Betri nzima ya gari dogo, injini ikiwa imezimwa, husoma volti 12.6 hivi. Injini ikiwaka na alteneta ikichaji, mita husoma kati ya volti 13.5 na 14.5. Umeme ukiwa chini ya hapo, au waya wa athi unaofungwa kwenye bodi ukiwa na kutu, kompyuta hupata umeme wa kusuasua na kutoa amri zisizoeleweka. Kusafisha waya wa athi ni kazi ya dakika chache.

Baada ya hapo ndipo inakuja kazi ya fundi mwenye vipimo. Marekani iliyataka magari madogo yote mapya yawe na mfumo mmoja wa kusoma hitilafu kuanzia modeli za mwaka 1996, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Ndiyo maana mashine moja ndogo inaweza kusoma magari ya makampuni mengi. Lakini kusoma namba ni jambo moja, na kuielewa ni jambo jingine. Namba P0700, ambayo huwaogopesha wengi, haisemi kwamba kompyuta imekufa. Inasema tu kwamba mfumo wa gia umeona hitilafu, na fundi anatakiwa kutafuta namba nyingine inayoeleza ni hitilafu gani. P0720 inaelekeza kwenye sakiti ya sensa ya kasi. P0750 inaelekeza kwenye solenoidi ya kwanza ya kubadilishia gia. Ni P0613 inayoitaja kompyuta ya gia yenyewe. Fundi aliyeishia kwenye P0700 hajamaliza kupima.

Toyota nyingi za zamani zinaweza kutoa namba bila mashine, kwa kuunganisha waya mfupi kati ya TE1 na E1 kwenye soketi ya majaribio na kuhesabu jinsi taa ya O/D OFF inavyopepesa. Namba 42 na 61 ni za sensa za kasi, na 62 na 63 ni za solenoidi. Gharama yake ni waya wa sentimita chache, ila afanye anayejua, kwa kuwa ukikosea matundu unaweza kuua kompyuta iliyokuwa nzima.

Kipo pia kipimo cha kutenganisha ugonjwa wa umeme na ugonjwa wa gia boksi. Kwenye Toyota hizo fundi huchomoa soketi ya waya wa solenoidi, kisha huendesha gari akihamisha mkono wa gia kutoka L kwenda 2 hadi D. Bila kompyuta kabisa, kila nafasi inapaswa kutoa gia tofauti. Isipotoa, ugonjwa umo ndani ya gia boksi, na kompyuta mpya haitautibu. Ikitoa, fundi arudi kwenye nyaya, sensa na solenoidi. Solenoidi za kubadilishia gia za Toyota nyingi za gia nne husoma omu 11 hadi 15. Ikiwa umeme unaofika kwenye kompyuta ni sahihi, athi ni safi, sensa, nyaya na solenoidi ni nzima, na bado kompyuta haitoi amri, hapo ndipo ninakubali kwamba imekufa.

Ikifikia hapo, inunuliwe kwa uangalifu. Katika Toyota nyingi za zamani kompyuta moja huongoza injini na gia kwa pamoja, hivyo ukibadilisha ya gia umebadilisha na ya injini. Namba ya kifaa iliyobandikwa juu ya kisanduku ilingane na ya zamani yote, si kwa umbo tu. Kwenye magari mengi ya miaka ya karibuni, kompyuta ya mtumba haifungwi ikafanya kazi papo hapo. Inatakiwa kuingizwa programu, kutambulishwa kwa ufunguo wa gari na kufundishwa upya jinsi ya kubadilisha gia. Kama fundi hana mashine ya kazi hiyo, aseme kabla fedha haijatoka. Na muuzaji aandike kwenye risiti namba ya kifaa na siku za kukijaribu.

Ni vizuri pia kujua kinachoziua kompyuta hizi. Wapo wanaochomelea keria au bampa bila kuchomoa nyaya za betri. Wapo wanaoliwasha gari la volti 12 kwa betri za lori zinazotoa volti 24. Wapo wanaoosha injini kwa maji ya presha hadi kwenye soketi. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Wenzetu wa Ulaya na Marekani wenye magari ya kulala, yaani nyumba kamili juu ya magurudumu, wanakutana na ugonjwa huu huu, na gia ikigoma ni nyumba nzima imekwama. Mengi ya magari makubwa ya aina hiyo huko Marekani yana gia boksi za Allison, ambazo hufungwa pia kwenye malori na mabasi. Kwenye zile za vitufe, dereva akibonyeza kishale cha juu na cha chini kwa pamoja anaweza kufikia namba za hitilafu kwenye kioo kidogo. Anaingia gereji akiwa na namba mkononi, na mazungumzo na fundi yanaanzia hapo.

Mafundi nao wana hoja yao, na ni ya kweli. Wanasema wateja hawataki kulipia upimaji. Fundi akitumia nusu siku kufuata waya na akaukuta umekatika, mteja anataka kulipa bei ya waya. Akibadilisha kifaa kikubwa, analipwa bila maneno. Kwa utaratibu huo tunamfundisha fundi kuuza vifaa badala ya kutafuta ugonjwa. Tuseme upimaji ungekula faida ya siku moja ya biashara yako, na kompyuta ya kubahatisha ingekula faida ya mwezi. Ipi nafuu?

Vyama vya wenye magari na SACCOS vinaweza kununua mashine ya kupimia na kuitumia kwa zamu. VETA, ambayo tayari hurasimisha ujuzi wa mafundi waliojifunzia kazi mitaani, ingefanya jambo jema ikiupa uzito upimaji wa umeme wa gia katika kozi fupi zinazofika hadi wilayani. Na ieleweke kuwa Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inakataza kumpotosha mlaji, hivyo anayeuza kifaa kibovu akikiita kizima hana pa kujificha, ilimradi mnunuzi ana risiti.

Mfanyabiashara hakubali kununua gunia la mahindi bila kulipima. Vivyo hivyo, fundi akisema kompyuta imekufa, mwambie akuonyeshe namba aliyoisoma na waya alioupima, kisha mlipe kwa kazi hiyo hata kama ugonjwa umeonekana kuwa mdogo.