Neno la Mhariri: Kila Shahidi na Tarehe Yake

Toleo hili zima tumelitenga kwa kifo cha Robert Ouko, na tangu tuanze kulitayarisha tunaulizwa swali lile lile: nani alimuua? Hatutalijibu. Letu ni swali dogo zaidi, ambalo kwa maoni yangu lilipaswa kutangulia: kati ya wote waliosema waliona, nani wa kusadikiwa, na kwa kipimo gani?

Yasiyobishaniwa ni machache. Ouko, Waziri wa Mambo ya Nje wa Kenya, alitoweka nyumbani kwake Koru usiku wa kuamkia tarehe 13 Februari 1990, siku chache baada ya kurejea kutoka Washington alikokwenda pamoja na Rais Moi. Tarehe 16 mwili wake ulichukuliwa chini ya kilima cha Got Alila, karibu kilomita tatu kutoka nyumbani, umepigwa risasi kichwani na kuchomwa moto. Zaidi ya hapo, karibu kila kauli ina mpinzani wake.

Hata hiyo tarehe 16 ina mpinzani. Kijana mchunga ng'ombe alieleza kwamba aliukuta mwili mchana wa tarehe 13, saa chache tu baada ya waziri kutoweka, lakini habari hazikufika polisi. Wako wanaomtilia shaka kwa sababu hiyo: mtu aone maiti, kisha siku tatu zipite? Mimi naona anayeuliza hivyo ameusahau mwaka 1990. Wakati ule kupeleka habari ya maiti kituoni kulikuwa sawa na kujipeleka mwenyewe, na mchunga ng'ombe hana wakili.

Madaktari nao waliutazama mwili mmoja wakaona mambo mawili. Dkt. Jason Kaviti, mwanapatholojia wa serikali, aliegemea upande wa kujiua. Dkt. Iain West, aliyetoka Uingereza, akasema huyu ameuawa. Hapa sisiti kuchagua: maelezo ya West yanalingana na jeraha na moto, ya Kaviti yanamtaka marehemu afanye mambo ambayo mwili wa binadamu hauyawezi.

Ugumu hasa uko kwa mashahidi wa kawaida. Tumezoea kuwapima kwa wingi wao, kwa cheo chao, au kwa ukali wa sauti wanapoapa. Vipimo vyote vitatu vinapotosha. Shahidi ana siku mbili, siku aliyoona na siku aliyosema, na yanayotokea kati ya siku hizo ndiyo yanayoupa ushahidi uzito au kuupunguza. Amesoma magazeti mangapi? Ameitwa na nani? Aliyekuwa akimwogopa bado yuko madarakani, au amekwisha kuondoka?

Mfanyakazi wa nyumbani kwa Ouko alieleza mapema, mbele ya wapelelezi, kwamba yapata saa tisa usiku alisikia kishindo, akaona gari jeupe likiondoka. Basi. Hakumtaja mtu. Wakosoaji wake wanasema ushahidi huo ni mwembamba mno, nami nasema wembamba wake ndio nguvu yake. Mtu anayetunga hadithi huweka abiria ndani ya gari.

Sasa linganisha na yaliyosemwa mbele ya Kamati Teule ya Bunge chini ya Gor Sunguh, iliyoanza kazi mwaka 2003, Moi akiwa amestaafu. Huko ndiko ilikozidi kusikika simulizi kwamba Ouko hakuuawa Got Alila bali katika Ikulu ya Nakuru, mwili ukapelekwa kilimani baadaye. Simulizi hiyo inagongana na upelelezi wa John Troon wa Scotland Yard, uliohitimisha kwamba aliuawa pale mwili ulipokutwa au karibu na hapo. Je, tuitupe kwa kuwa imechelewa miaka 13? Mwenzangu mmoja katika bodi anasema ndiyo, bila kusita. Mimi nasita. Katika nchi ya woga, ushahidi wa mapema hupunguzwa na hofu, na ule wa baadaye hunenepeshwa na uvumi. Kuchelewa peke yake hakumfanyi mtu mwongo. Lakini anayesema kwa kuchelewa, tena anayesema jambo zito, ana deni la ziada: atuoneshe kitu nje ya kumbukumbu yake, kama daftari la lango, barua, au mtu aliyemsimulia siku zile zile. Bila hicho, tumweke kwenye rafu ya yanayowezekana. "Lisemwalo lipo" ni methali nzuri ya barazani. Mahakamani imeumiza watu.

Wanaodhani picha au filamu ingetuokoa waiangalie Dallas. Rais Kennedy aliuawa mchana kweupe, tarehe 22 Novemba 1963, mbele ya umati na kamera. Kamati ya Bunge la Marekani iliyoripoti mwaka 1979 ilichambua kauli za mashahidi 178 kuhusu risasi zilikotoka: 49 walitaja ghala la vitabu, 21 kilima chenye nyasi, 30 kwingineko, na 78 walisema hawakuweza kujua. Vitabu vimejaa wale 49 na wale 21. Hao 78, waliokuwa wengi kuliko kundi lolote, hawana mtu wa kuwanukuu.

Koru hapakuwa na kamera, na mashahidi wake walinyimwa hata nafasi ya kuulizwa hadi mwisho. Tume ya Jaji Evan Gicheru, iliyokuwa ikichunguza kifo hicho, ilivunjwa na Rais Moi mwezi Novemba 1991, mawakili wakiwa hawajamaliza na Troon. Jonah Anguka, aliyekuwa Mkuu wa Wilaya ya Nakuru, alishtakiwa kwa mauaji hayo na mahakama ikamwachilia mwaka 1994. Ripoti ya Sunguh ililetwa bungeni mwaka 2010, ikakataliwa. Kwa hiyo shahidi anayenukuliwa leo mitaani kana kwamba amekwisha kupimwa, mara nyingi hajapimwa na yeyote.

Ndiyo maana katika kurasa zinazofuata kila kauli ya shahidi imewekewa tarehe iliposemwa na mbele ya nani. Waandishi wetu hawakubaliani, nasi hatukuwapatanisha. Na wewe msomaji, kama kwenu kuna barua, shajara au kanda iliyorekodiwa Februari ile ya 1990, tuletee nakala. Usituletee unachokumbuka leo kabla hujatafuta kilichoandikwa siku ile.