Redio ya Polisi na Masikio ya Raia

Katika mwezi wa Julai mwaka 2023, polisi wa jiji la New York, huko Marekani, walianza kuyafumba maneno yao ya redio. Katika sehemu ya Brooklyn kituo kimoja baada ya kingine kiliacha kusikika, na wale waliozoea kuwasikia askari wakiitana walipata mvumo mtupu. Gharama ya mitambo hiyo mipya ilitajwa kuwa dola milioni 390. Fedha hizo ni kodi ya wafanya kazi wa New York, na miongoni mwa vitu walivyonunuliwa kwa fedha yao wenyewe ni kutosikia.

Huenda ndugu msomaji akauliza, mambo ya New York yatuhusu nini sisi? Twamwomba atuvumilie kidogo.

Tangu miaka mingi wako raia wa nchi ile, madereva wa malori, wauguzi, mafundi na wazee waliostaafu, ambao hukaa nyumbani na redio iitwayo skana. Kazi ya chombo hicho ni kupita katika masafa mengi upesi upesi, na kusimama pale anaposikika mtu akisema. Hivyo ndivyo wanavyowasikia polisi, wazima moto na watu wa magari ya wagonjwa wakiwa kazini. Hawalipwi kitu. Mwenye skana wa miaka mingi aijua mitaa ya mji wake kuliko tarishi, na aweza kukuambia kwa sauti tu kwamba askari huyu ameshikwa na hofu na yule amechoka.

Mazoea hayo si wizi. Polisi wa Detroit ndio waliotangulia kuita magari yao kwa redio, mwaka 1928, na katika majaribio yao ya kwanza serikali iliwapa leseni kama ya kituo cha burudani, hata ikawapasa kupiga muziki kabla ya kutaja mwizi. Mtu yeyote mwenye redio nyumbani aliweza kuwasikia. Baadaye, katika mwaka 1986, Baraza la Kutunga Sheria la Marekani lilisema wazi kwamba si kosa kusikiliza redio za polisi na zimamoto ambazo zapokewa na watu wote. Ni kweli kwamba majimbo mengine yana masharti yao. Katika jimbo la New York mtu haruhusiwi kuwa na redio ya namna hiyo ndani ya gari bila kibali. Mpiga picha Arthur Fellig, aliyejulikana kwa jina la Weegee, alipata kibali hicho mwaka 1938, na mara nyingi alifika penye mauaji au moto mapema kuliko wenzake wote. Picha zake za watu maskini wa mji ule zatazamwa hata leo.

Hapa ndipo tunapoliona jambo lenyewe. Askari akipiga risasi usiku, taarifa ya asubuhi huandikwa na wakubwa wake. Lakini kama redio i wazi, mwandishi wa gazeti huwa amekwisha kusikia saa, mahali, na maneno yaliyotamkwa kabla mtu hajapata nafasi ya kuyapanga. Taarifa ya asubuhi yalazimika kulingana na sauti ya usiku. Ukiizima sauti hiyo, umma utabaki na shahidi mmoja tu, naye ndiye mshtakiwa.

Polisi nao wana hoja zao, wala si za kipuuzi. Wanasema wahalifu husikiliza. Wanasema askari anaweza kuviziwa, na kwamba jina la mgonjwa au la mwanamke aliyedhulumiwa halipasi kutangazwa hewani. Katika mwaka 2020 Wizara ya Sheria ya California iliziagiza idara za polisi za jimbo lile kuzilinda habari za watu binafsi, na nyingi zikaona njia rahisi ni kufunga kila kitu. Tena wasikilizaji wenyewe wamekwisha kuwapa polisi silaha. Baada ya mabomu ya Boston ya mwaka 2013, watu waliokuwa wakifuatilia redio za polisi kwa intaneti walieneza jina la kijana asiye na hatia yo yote, na jamaa zake walitaabika bure. Mtu anayesikia nusu ya neno akalitangaza kuwa habari kamili hana tofauti na mchongezi, na hatuna maneno ya kumtetea. Wala hatumtetei yule anayekimbilia penye moto kwenda kusongamana na wenye mipira ya maji.

Lakini dawa ya mchongezi si kuwaziba watu wote masikio. Mji wa Palo Alto, huko huko California, ulifunga redio zake kufuata agizo lile, kisha mwaka 2022 ukazifungua tena, na askari wakatakiwa kutumia njia nyingine kwa majina na siri za watu. Basi yawezekana. Chicago walichagua njia ya katikati: raia husikia baada ya dakika 30. Njia hiyo hatuipendi. Kwa mwanahistoria nusu saa si kitu, ila kwa mama anayeishi mtaa ule ambamo risasi zinalia ni muda mrefu mno.

Mabaharia waliyajua haya zamani. Usiku ule Titanic ilipozama, mwaka 1912, meli ya Californian ilikuwa imesimama kwenye barafu si mbali, lakini mtu wake wa simu ya upepo alikuwa amekwisha kulala. Yule wa Carpathia alikuwa karibu kulala naye, ila vyombo vya kusikilizia vilikuwa bado masikioni, na watu zaidi ya 700 waliokolewa. Kwa sababu hiyo mataifa yalipatana mwaka 1914 kwamba meli ziwe na zamu ya kusikiliza. Hata leo katika bahari yetu, nahodha mwenye redio ya VHF ajua kwamba chaneli 16 ni ya kila mtu, na kuisikiliza ni wajibu.

Tena kufungiana kwawadhuru hata watumishi wenyewe. Tarehe 11 Septemba 2001, askari waliokuwa katika helikopta waliona mnara wa pili wa New York ukielekea kuanguka, wakatoa onyo katika redio ya polisi. Wazima moto walikuwa na redio zao mbali, na wengi waliokuwa ndani ya jengo hawakulipata onyo lile. Siku hiyo wazima moto 343 walikufa.

Nasi tumwonye msomaji wetu: kwetu Tanzania, Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010 yakataza kunasa mawasiliano bila idhini, kwa hiyo mtu asichukue gazeti hili mkononi akadhani amepewa ruhusa. Tunasema juu ya New York, ambako haki hii ilikuwapo tangu siku za babu zao nayo imeondolewa.

Maoni yetu ni haya. Wito wa kawaida, wa moto, wa ajali, wa ugomvi wa mtaani, uachwe wazi, na usikike wakati ule ule. Upelelezi na mipango ya kumkamata mtu hatari iwe na njia yake ya siri. Majina ya wagonjwa na ya waliodhulumiwa yapitishwe huko huko. Palo Alto wamefanya hivyo, na mji ule ni mdogo sana kuliko New York, wala haukutumia dola milioni 390.